Nyasi za Uporoto Zibaki Nyasi

Hotuba kwa wajitoleaji wa uhifadhi na wanavijiji wa Uporoto, Mbeya, katika Siku ya Mazingira Duniani

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano, wenyeviti wa vijiji na watendaji, ndugu zetu wa Wakala wa Misitu (TFS) na Hifadhi za Taifa (TANAPA) mliokubali kupanda mpaka huku juu, walimu, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mliofika na mapanga tangu alfajiri: shikamooni wakubwa, habari za asubuhi wengine, na poleni wote kwa baridi. Waliotoka Rungwe, mugonile. Waliovuka kutoka Makete, kamwene.

Mtu akiitwa kuzungumza siku kama ya leo, anategemewa aseme tupande miti. Nami nimepanda miti, na mvua za mwaka huu zikianza nitapanda tena. Lakini naomba mniruhusu nizungumzie upande wa pili wa kazi hiyohiyo, upande usiokuwa na kampeni wala fulana: kung'oa. Kikundi chetu kinapanda miteremko hii siku za Jumamosi, kwa ruhusa ya serikali za vijiji, kung'oa maotea ya miti ya kigeni, paini na muwati, yaliyojiotea katikati ya nyasi. Wapo majirani wanaotuuliza waziwazi kama tuko timamu. Serikali inagawa miche, shule zinapanda, redio inahimiza, halafu sisi tunapita nyuma tunang'oa. Wanaouliza hivyo wana haki ya kujibiwa.

Kwanza niondoe hofu. Hakuna atakayegusa shamba la mtu. Nyumba ninayolala imeezekwa kwa mbao za paini, na ninyi wengi hapa mmesomeshwa kwa mbao hizohizo. Kuanzia Mufindi, Njombe, Makete mpaka huku kwetu, mzazi mwenye eka mbili za paini anajua ada ya mtoto itatoka wapi. Wala sisemi kila kilichotoka nje ni kibaya. Mahindi na viazi vyetu asili yake ni Amerika. Chai ya Rungwe na Mufindi asili yake ni Asia. Pareto tunayochuma kwenye vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi nayo ni ya kuletwa. Hiyo yote inakaa pale ilipopandwa.

Tunachopigana nacho ni mimea michache inayotoka shambani yenyewe na kwenda kuishi isikotakiwa. Paini, hasa ile aina ya Meksiko tunayoipenda kwa mbao, ina mbegu ndogo yenye bawa. Upepo wa Agosti na Septemba ukivuma, mbegu ile inaruka ng'ambo ya korongo na kutua kwenye nyasi za kijiji cha pili. Muwati uliletwa kutoka kusini mashariki mwa Australia kwa ajili ya ganda lake la kutengenezea ngozi; Njombe wanaujua vizuri, kiwanda kimesimama kwa muwati tangu enzi za mkoloni. Mti huo umo katika orodha ya dunia ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote. Lantana nayo, kile kichaka chenye vishada vya maua mekundu na njano ambacho majani yake yananuka ukiyafikicha, inabebwa na ndege wanaokula matunda yake meusi. Wenzetu wa huko chini, kuelekea Songwe na Mbarali, wanajua ng'ombe akiila anavyougua, ngozi inababuka juani.

Sasa nirudi kwenye nyasi, maana hapo ndipo penye mgogoro wetu. Mtu akitoka Isyonje akapanda kuelekea Kitulo, anapita viazi, anapita pareto, kisha anatokea kwenye uwanda mpana wa nyasi usio na mti karibu kabisa. Mgeni wa mjini akifika pale swali lake la kwanza ni: mbona huku hamjapanda kitu? Anadhani palikuwa na msitu tukaukata. Hata baadhi yetu tuliozaliwa huku tumeanza kusema hivyo, kwamba pale ni pori tu, eneo la wazi, lipo halitumiki. Na eneo likishaitwa la wazi, mwenye miche anaanza kulitazama.

Uwanda ule haujawahi kuwa wazi. Mwezi wa Novemba mvua zikianza, na kuendelea mpaka Aprili, unachanua rangi ambazo sina majina yake yote. Wataalamu wamehesabu huko aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo okidi za ardhini ni 45. Zipo ambazo huzikuti popote pengine duniani isipokuwa kwenye milima hii yetu. Mbayuwayu wa buluu, ndege aliye katika hatari ya kutoweka, anakuja kuzalia huko kwa sababu anahitaji nyasi fupi na anga wazi la kuwindia wadudu. Ukimzungushia miti anaondoka. Ndiyo maana mwaka 2005 serikali ikatangaza Kitulo kuwa Hifadhi ya Taifa, kilomita za mraba zaidi ya 400, hifadhi ya kwanza katika ukanda huu wa joto wa Afrika kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wazee wetu walikuwa wameshalimaliza suala hilo zamani. Waliuita Bustani ya Mungu.

Lakini Kitulo ina mipaka, ina askari, ina geti. Nyasi za milima yetu hazikuishia kwenye mpaka wa hifadhi. Zipo huku Uporoto, zipo safu ya Mbeya, zipo Kipengere, zipo kwenye vilele vya vijiji ambavyo hakuna bango lolote. Nyasi hizo za nje ya bango ndizo zinazopotea bila mtu kutoa taarifa, kwa sababu anayeziona zimejaa miti anafurahi, anasema kijiji kimeendelea.

Na maji yetu yanaanzia hapo. Hili naomba tulitazame kwa utulivu, kwa sababu tumefundishwa sentensi moja, kwamba miti huleta maji, na sentensi hiyo imepandwa kila mahali bila kuuliza mti gani na wapi. Hebu tuangalie nyasi zenyewe. Juni kama hivi, umande wa barafu unazichoma, zinakauka juu na kuwa kahawia. Zikikauka zinaacha kunywa. Mizizi iko hai chini, imeshika ule udongo mweusi wa majivu ya volkano, na maji ya masika yaliyozama yanashuka polepole kwenda kwenye chemchemi. Paini haikauki Juni. Iko kijani Juni, Agosti, Oktoba, na siku zote hizo inanywa, tena kwa mizizi inayokwenda chini kuliko ya nyasi. Mlingoti, yaani mkaratusi, ndiyo usiseme.

Afrika Kusini walilipima jambo hili kwa namna ambayo ningependa kila afisa anayegawa miche aijue. Kwenye milima ya Mpumalanga, mahali panapoitwa Mokobulaan, walichukua vijito vilivyokuwa vinatiririka mwaka mzima kwenye nyasi. Bonde moja wakalipanda milingoti mwaka 1969. Jingine wakalipanda paini mwaka 1971, aina ileile ya paini tuliyonayo huku. Kijito cha milingoti kilikauka kabisa mwaka wa tisa. Kijito cha paini kikakauka mwaka wa kumi na mbili. Milingoti ile ilipofikisha miaka kumi na sita wakaikata yote, wakategemea maji yarudi. Iliwachukua miaka mitano zaidi kuona kijito kikitiririka mwaka mzima tena. Fikirieni kijiji kinachotegemea kijito kile. Mtoto angezaliwa mwaka wa kupanda, akamaliza darasa la saba, akaanza maisha, na maji hayajarudi.

Kuna wanaoniambia hayo ni ya Afrika Kusini, udongo wao mwingine. Basi tuje nyumbani. Hapa hapa kwenye safu ya Mbeya, mwishoni mwa miaka ya 1950, wataalamu wa Afrika Mashariki walichagua mabonde mawili, moja lenye msitu wa asili na jingine linalolimwa na wakulima, wakapima mvua na mito kwa takriban miaka kumi. Bonde lililokuwa likilimwa ndilo lililotoa maji mengi zaidi. Nalisema hili huku nikijua kwamba linawakera baadhi ya wanaharakati wenzangu. Hata msitu wa asili hunywa. Sisemi hivyo ili mtu ashike shoka aingie msituni, na atakayenukuu nusu ya maneno yangu atakuwa amenionea. Msitu wa asili tunaulinda kwa sababu nyingi zaidi ya ndoo ya maji: unashika udongo kwenye miteremko mikali, una dawa, una nyuki, una viumbe visivyo na mahali pengine pa kwenda. Kipunji, yule tumbili wa milima yetu, anaishi humo. Wazee wa Rungwe walimjua kabla ya watafiti kumwona mwaka 2003, na mwaka 2006 sayansi ikalazimika kumpa jenasi yake, yaani kundi lake peke yake, iliyopewa jina la Mlima Rungwe, jenasi mpya ya kwanza ya nyani na tumbili Afrika tangu 1923. Shamba la paini si nyumba ya kipunji. Ninachosema ni kwamba msitu ubaki msitu, nyasi zibaki nyasi, na shamba libaki shamba. Kila kimoja kina kazi yake na mahali pake.

Wala sitawadanganya kwamba paini ndiyo iliyoukausha Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto ule umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na sababu kubwa iko kule bondeni Usangu, kwenye mifereji ya umwagiliaji na namna maji yanavyogawanywa. Hayo yana mikutano yake. Lakini mito inayoingia Usangu inaanzia kwenye milima hii, na Kiwira unaokwenda Nyasa unaanzia kwenye milima hii, na Jiji la Mbeya linautegemea Kiwira kwa mradi wake mkubwa wa maji. Sisi wa juu hatuwezi kumaliza ugomvi wa watu wa bondeni. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba maji yanapoondoka kwetu, yanaondoka yakiwa mengi kadiri mlima ulivyojaliwa kutoa.

Nije kwenye kazi yenyewe, maana vijana wamesimama na mapanga na wengi leo ni mara yao ya kwanza.

Paini ndiyo rahisi, na ndiyo tunayoianza. Otea la mwaka mmoja au miwili, lenye urefu usiozidi magoti, halikatwi. Linang'olewa. Inama, shika shina chini kabisa pale linapoingia kwenye nyasi, usilishike juu litakukatikia mkononi. Vuta wima, polepole. Mvua ikiwa imenyesha wiki hiyo utasikia nyuzi za mizizi zikiachia moja moja, kisha mzizi mkuu unatoka mzima na udongo mweusi umening'inia. Kung'uta udongo wote. Mche usioukung'uta, ukiuacha umelala kwenye nyasi mbichi, unaweza kushika tena. Kisha uweke mizizi ikitazama juu, jua liimalize. Ukikutana na lililokuwa refu kukuzidi, hapo tumia msumeno, na hapa sikilizeni vizuri: kata chini ya tawi la mwisho kabisa. Paini haichipui kwenye kisiki, na huo ndio udhaifu wake. Lakini ukiacha tawi moja dogo la kijani chini ya ulipokata, tawi lile litajigeuza kuwa mti, na mwakani utaukuta umenyooka. Samaki mkunje angali mbichi. Akina mama wawili wanaweza kusafisha mteremko mzima wa maotea ya mwaka mmoja kabla ya chai ya saa nne. Mteremko huohuo ukiuacha miaka sita unahitaji watu wenye misumeno, na mbegu zitakuwa zimeshamwagika.

Muwati ni jambo jingine. Muwati ukiukata kwa panga ukaondoka zako, umeupogolea tu. Mdogo ung'oe. Uliokwisha kuwa mnene kama mkono, tunauvua ganda. Unachanja ganda kuzunguka shina kwenye usawa wa goti, unapenyeza ncha ya panga, unaingiza kidole gumba, kisha unalivuta kuelekea chini. Likiwa na maji linatoka utepe mrefu, na mti chini yake ni mweupe unaoteleza. Usiishie usawa wa ardhi. Fukua udongo kidogo, ufuate utepe mpaka unapoanza mzizi. Halafu zunguka shina lote ulitazame tena, kwa sababu ukisahau kipande chembamba cha ganda kinachounganisha juu na chini, mti ule utaishi kwa kipande hicho na utakucheka msimu ujao. Kazi ya kuvua ganda inachosha mikono, glovu zinachanika, na haina picha nzuri ya kutuma kwenye simu, kwa sababu ukimaliza mti bado umesimama kijani. Inachukua muda kufa. Wanaotaka kuona matokeo siku hiyohiyo huwa hawarudi Jumamosi ya pili, na siwalaumu, lakini mlima unajengwa na wanaorudi.

Tena kurudi ndiyo kazi yenyewe. Mbegu ya muwati ina ganda gumu na inaweza kukaa ardhini miongo kadhaa ikisubiri. Kinachoiamsha ni moto. Kwa hiyo yule kijana anayesema tuchome tumalize, nia yake njema, lakini atakuwa amewasha taa ya kuziita mbegu zote zilizolala. Ukichoma chini ya miwati, mvua za kwanza zikinyesha unaona zulia la miche lisilo na nafasi ya kutia mguu. Paini nayo makoko yake hufunguka kwa joto. Mjue pia kwamba mwezi wa nane mpaka wa kumi moto kwenye milima hii haumsikilizi aliyeuwasha. Kikundi chetu hakitumii moto. Atakayeuwasha kwa jina letu tutamtaja mbele ya kijiji.

Milingoti iliyo mabondeni na kwenye vyanzo vya maji hatuigusi sisi, inashughulikiwa na serikali za vijiji pamoja na wenye miti, kwa sababu ina wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wenzetu wa Iringa na Njombe wanaolima vinyungu, zile bustani za mabondeni, hawahitaji kusomewa kifungu. Kinyungu kikipakana na milingoti, mwenye kinyungu ndiye wa kwanza kuona mfereji wake umekuwa vumbi mwezi wa tisa. Pale milingoti inapoondolewa, tunaziba nafasi kwa miti rafiki wa maji: mivengi, mikuyu, na mingine ya kienyeji ambayo wazee wa kila kijiji wataionyesha. Hapo ndipo tunapopanda. Miche ya mivengi haiuzwi ovyo, na shule mbili tatu zikianzisha vitalu zitakuwa zimetusaidia kuliko mchango wowote wa fedha.

Kosa ambalo mjitoleaji mpya hulifanya ni kung'oa kila asichokijua. Kwenye nyasi hizi kuna vichaka vya kienyeji vyenye sura ya magugu, kuna maua makavu yanayofanana na kitu kilichokufa, kuna okidi ambayo wakati huu wa mwaka haina hata jani juu ya ardhi. Okidi hizo tayari zina adui yake, wachimbaji wa vikanda, vile viazi vya okidi vinavyoliwa, wanaozifukua kwa ajili ya soko la Zambia. Zisipate adui mwingine aliyevaa gambuti za uhifadhi. Leo tunang'oa vitu viwili tu, paini na muwati. Kila kundi lina mtu mmoja anayeijua mimea, mfuateni huyo. Ukiwa na shaka, acha mmea ulivyo, uulize. Na hakuna kuingia ndani ya mpaka wa hifadhi ya taifa wala msitu wa serikali bila wenyewe kutupa kibali na kuwa nasi. Nia njema haifuti sheria.

Sasa kuna maswali ya kuni na mkaa, ambayo najua yako vichwani. Muwati ni kuni nzuri sana, na fito za paini zinajenga banda. Akina mama waliokuja kung'oa wana haki ya kuondoka na mzigo, na tumekubaliana hivyo na vijiji. Lakini biashara ya mkaa wa muwati nyikani siiungi mkono, na nitasema kwa nini. Siku gugu linapoanza kumlisha mtu, mtu huyo ataanza kulilinda. Ataacha miti mikubwa michache kila mwaka ili apate mingine, na hakuna atakayemlaumu, ana watoto. Muwati wa mkaa upandwe shambani, uvunwe shambani.

Na neno moja kwa ndugu zetu wa taasisi, kwa heshima. Afrika Kusini walipoona mito inakufa, mwaka 1995 serikali yao ilianzisha mpango wa kuwalipa watu wasio na ajira kuondoa miti vamizi ili maji yarudi. Waliihesabu kuwa ajira. Hapa kwetu kazi hiyo inafanywa na mama aliyeacha shamba lake la viazi siku ya Jumamosi. Yeye amejitolea kwa moyo, hajalalamika, wala hakunituma niseme. Nasema mimi. Kujitolea kwake kusifanywe sababu ya kuondoa fungu hili kwenye bajeti. Glovu, gambuti, misumeno, sanduku la huduma ya kwanza, usafiri wa mtu aliyeteguka mguu mlimani: hivyo si zawadi kwa wajitoleaji, ni vitendea kazi. Na kabla taasisi yoyote haijaleta lori la miche kwenye kata hizi, ninaomba itume mtu kwanza aulize miche hiyo inakwenda kupandwa wapi. Jibu likiwa kwenye nyasi za mlimani, lori lisipande.

Nimalizie na ninyi wenye mashamba ya paini, maana bila ninyi tunachota maji kwa pakacha. Sisi tunaweza kung'oa kila Jumamosi mpaka wajukuu zetu waurithi msumeno, lakini shamba lililo upande unakotoka upepo likiendelea kumwaga mbegu, hakuna tutakachomaliza. Hatuombi mkate miti yenu. Tunaomba kila mwaka, mvua zikishatulia, mwenye shamba atembee kwenye mpaka wake upande wa nyasi, aingie ndani ya nyasi umbali ambao macho yake yanaona maotea, na ayang'oe. Ni kazi ya asubuhi moja kwa familia moja. Na shamba jipya lisifikishwe mpaka kwenye ukingo wa mlima, tuache mstari usiopandwa kitu.

Mambo hayo mawili hayawezi kubaki ombi la mtu mmoja aliyesimama kwenye jukwaa. Ndugu Mwenyekiti, naomba kupitia kwako halmashauri za vijiji ziyaandike kama rasimu ya sheria ndogo, yaletwe kwenye mikutano mikuu ya vijiji kabla ya mvua za Novemba, wananchi wayajadili, wayakatae au wayakubali, na yakikubaliwa yapelekwe wilayani yapitishwe. Mimi nitakuwepo kwenye kila mkutano nitakaoitwa, na nitajibu kila swali, hata la anayesema sina akili timamu.

Makundi ni matatu. La kwanza linaondoka sasa na vijana wa misumeno kwenda kwenye paini kubwa za juu ya korongo. La pili, la kuvua ganda, linabaki mteremko wa chini na linahitaji watu wenye mapanga makali. Watoto wa shule na walimu wao wanakwenda na akina mama kwenye maotea madogo, na kila mtoto ashike mche chini, nimeshawaambia kwa nini. Chai iko tayari nyuma ya darasa la saba, kunyweni kwanza, ni baridi. Asanteni sana kwa kunisikiliza.